Bomba la maji la kanda Arusha–Kilimanjaro: kwa nini hela ya upembuzi na usanifu isitoke mfukoni mwetu?

#1 Mkazi wa Sakina

Habari wakuu.

Naomba tulijadili hili kwa utulivu. Kila tukizungumzia bomba moja kubwa la kanda, la kuchukua maji mazuri ya upande wa Hai na Moshi na kuyafikisha Arumeru, Arusha, Monduli mpaka Simanjiro, mazungumzo yanakwama pale pale: nani atalipia upembuzi yakinifu (kuchunguza kama mradi unawezekana) na usanifu? Basi safari ya kusaka mfadhili inaanza.

Mimi nasema hatuna sababu ya kusubiri. Tangu mwaka wa fedha 2015/16 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 50 kwa ajili ya maji. Bodaboda wa hapa Sakina anaichangia, mama anayepanda daladala ya Kwa Mrombo anaichangia. Mfuko wa Taifa wa Maji ulioanzishwa na sheria ya 2019 upo. Kupanga na kusanifu ni asilimia chache za gharama ya mradi mzima. Kwa nini tusitenge sasa, michoro ikakaa tayari, halafu wa kutukopesha akija aambiwe bomba linapita hapa, kipenyo ni hiki na maji ni kiasi hiki?

Nasubiri michango, hasa ya mainjinia.

#2 Chuga Damu

Uzi mzito. Nimeweka kambi.

#3 Mhasibu Mstaafu

Mkuu, sahihisho dogo. Mfuko haukuzaliwa 2019. Ulianzishwa na Sheria Na. 12 ya 2009 ukiitwa wa uwekezaji wa maji, tozo ya mafuta ikaja baadaye, na Sheria Na. 5 ya 2019 ndiyo iliyoupa sura ya sasa. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoleta RUWASA, wakala wa maji vijijini.

Sasa kwenye hoja. Nimekaa na vitabu vya bajeti miaka mingi. Kutenga tunatenga. Ukifungua kitabu utakikuta kifungu cha upembuzi na usanifu kikiwa na fedha yake. Mwaka unaisha hakijaguswa, kwa sababu fedha iliyoidhinishwa na fedha iliyotoka ni vitu viwili. Ikifika robo ya tatu yanakuja maelekezo ya kumalizia miradi viporo, na kifungu cha kwanza kuhamishwa ni kile ambacho hakina mtu anayedai. Mtaalamu mshauri ambaye hujasaini naye mkataba hakudai. Mkandarasi aliyekwisha kuchimba mtaro anadai, na riba juu. Ungekuwa wewe umekaa kwenye kile kiti ungemlipa yupi?

#4 Mkazi wa Sakina

@Mhasibu Mstaafu hapo ndipo ninaposema hela hiyo ifungwe kwa kanuni isihamishwe. Kama tumeweza kuufungia Mfuko wa Barabara tozo yake, hili nalo linawezekana.

#5 Fundi Vali

Mimi nitasema ninachokiona shimoni, bila kutaja kijiji.

Kisima kilichimbwa wakati wa masika. Majaribio ya kupampu yalitakiwa yaende usiku na mchana, mtu anashusha kipimo kisimani kila baada ya muda na kuandika maji yameshuka mita ngapi, halafu pampu ikizimwa anaandika yanavyopanda tena. Dizeli ya jenereta ikaisha katikati. Wakafunga vyombo, fomu ikajazwa. Bomba likalazwa, tenki likajengwa, vituo vya kuchotea vikapakwa rangi ya bluu. Kufika Septemba pampu inavuta hewa.

Waliokoa pipa la dizeli, wakapoteza kilomita nzima nzima za bomba. Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi, lakini naongeza: mkisema "upembuzi" msiwaze ripoti yenye jalada zuri. Wazeni mtu mwenye kipimo na daftari, kiangazi na masika, zaidi ya mwaka mmoja. Hiyo ndiyo inayokula hela na ndiyo inayokatwa kwanza.

#6 Kibosho Juu

Kwa hiyo Chuga mmegundua maji ya Moshi ni matamu? Karibuni, lakini mpige hodi kwanza.

Niseme na ya maana. Sisi huku tuna mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na babu zetu kabla ya Mjerumani kuja. Kila mfongo una ukoo wake, una zamu zake, una siku ya kusafisha na faini ya asiyekuja. Mshauri anafika na gari, anapima mto, anaandika "maji yapo". Hajauliza ni zamu ya nani. Ramani yake inaonyesha mto, haionyeshi mgomba wa mtu unaonyweshwa saa kumi alfajiri. Hela ya kupanga ikitoka, sehemu yake iende kukaa na wazee wa mifereji. La sivyo mtajenga, na usiku watu watakuja na sururu.

#7 Chuga Damu

@Kibosho Juu mazee mnayauza mpaka maji ya Mungu? 😀

#8 Kibosho Juu

Hatuuzi. Tunataka tuulizwe.

#9 Mama Nyota

Mimi ni wa Arumeru, upande wa Maji ya Chai. Naona mnataniana, ni sawa, lakini meno si utani.

Maji ya kwetu yana floridi nyingi, madini yanayoharibu meno na mifupa, tangu mlima ulipotema moto. Mwanangu wa kwanza akicheka anafunika mdomo kwa kiganja. Akipigwa picha shuleni anabana midomo. Ni mtoto mwenye akili, anaongoza hesabu darasani, ila akiambiwa asimame mbele asome risala anaumwa tumbo siku hiyo. Kuna wazee kijijini miguu imepinda na mgongo haugeuki, si uzee peke yake. Daktari alinieleza kwamba jino la ukubwani huharibika likiwa bado chini ya fizi, utotoni kabisa. Yaani likishatoka, maji safi hayalirudishi.

Tuna watu tunaotumia mkaa wa mifupa kuchujia, utaalamu wa kituo cha Ngurdoto, na unasaidia. Lakini mkaa unachoka, unahitaji kubadilishwa, na ukichoka maji hayabadiliki rangi wala ladha. Unakunywa tu ukidhani yamechujwa.

Kwa hiyo mkisema tutafute hela ya kupanga kwanza, naelewa. Ila nina mtoto mwingine mdogo, ana miaka mitatu.

#10 Mwalimu wa Kemia

Pole sana mama, na asante kwa kuliweka wazi.

Nyongeza. Kiwango cha floridi cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu mpaka 8 kwa maji ya vijijini, si kwa kuwa 8 ni salama, ni kwa kuwa vyanzo vingi vingefungwa na watu hawana pengine pa kwenda. Baadaye ikashuka mpaka 4, na kiwango cha sasa ni 1.5.

Hapa ndipo kupanga kunapogeuka kuwa suala la afya. Katika kanda hii kisima chenye maji mengi kinaweza kuwa hakinyweki, na cha kilomita chache kutoka hapo kikawa kizuri kabisa, kutegemea miamba ya Meru imepita wapi. Njia mojawapo ni kuchanganya maji ya vyanzo tofauti ili wastani ushuke. Ili uchanganye lazima ujue kila chanzo kina kiasi gani, kiangazi na masika. Ukiruka hatua hiyo unajenga mtambo wa kusambaza ugonjwa kwa bomba jipya.

#11 Mtoto wa Unga Ltd

Jamani mbona Arusha ilishapata mradi wa bilioni 520? AfDB (Benki ya Maendeleo ya Afrika) waliidhinisha fedha 2015, visima vikachimbwa mpaka upande wa Hai, uzalishaji ukaelezwa kuwa umetoka lita milioni 40 kwenda milioni 200 kwa siku. Sasa bomba lingine la nini?

#12 Mkazi wa Sakina

@Mtoto wa Unga Ltd ule ni wa jiji na pembezoni mwake, na umesaidia kweli. Soma alichoandika Mama Nyota, halafu fikiria Mererani na vijiji vya Monduli. Sensa ya 2022 imeikuta Arusha jiji peke yake na watu zaidi ya laki sita. Uwanja wa AFCON uko Olmoti, hoteli zinaota kila kona. Tukianza kuwaza leo tumeshachelewa.

#13 Chuga Damu

Umetaja AFCON sasa uzi utahama.

#14 Ngusero Boy

Uhame tu, uwanja ni mzuri 😀 Ila wageni wakishatoka uwanjani wote wanataka kwenda chemchemi ya Chemka, Hai, kuogelea. Maji ya kijani, unaona mpaka chini. Hayo hayafai kuvutwa?

#15 Injinia wa Kando

@Ngusero Boy maji ya Chemka hayamwagiki bure. Yanaingia mto Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Tatizo la pili ni mlima. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukanda ule wa chini ya Boma Ng'ombe haufiki 1,000. Maji hayapandi yenyewe.

Hesabu ya haraka. Kupandisha lita 1,000 mita 500, pampu na mota zikiwa na ufanisi wa asilimia 70, unakula karibu yuniti 2 za umeme. Hapo sijaweka msuguano ndani ya bomba. Ukitaka lita milioni 20 kwa siku unazungumzia yuniti 40,000 kila siku, Jumapili na sikukuu. Nani analipa bili hiyo? Upembuzi mwaminifu unaweza kutoa jibu ambalo mleta uzi hatalipenda: bomba linajengeka, kuliendesha hakuwezekani kwa bei ambayo mama wa Maji ya Chai anaimudu.

Kwa hiyo mimi sababu yangu ni tofauti na ya Mhasibu. Hela ya kupanga haitoki kwa sababu wapo wanaohofia jibu.

#16 Laigwanan Mdogo

Injinia, maji yanaweza kushuka badala ya kupanda. Sisi Longido tunakunywa maji ya Mto Simba, kule Siha, yanateremka kutoka milimani. Kabla yake ng'ombe na watu walikuwa wanagombea madimbwi. Mnatafuta chini kwa sababu gani?

#17 Injinia wa Kando

Kwa sababu vya juu ni vidogo na vina wenyewe, kama alivyosema Kibosho Juu. Longido ni watu wachache kuliko Arusha. Ila nakubali mchanganyiko unawezekana, kidogo kutoka juu, kingine kipandishwe usiku wakati matumizi ya umeme yako chini.

#18 Mlinzi wa Mto

Mnagawana maji kana kwamba hayana mwenyewe. Chini ya Sheria Na. 11 ya 2009 huchukui maji mtoni bila kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, na la kwetu ni Bonde la Pangani, ofisi ipo hapo Moshi. Bonde hili limebanwa. Juu kuna mashamba ya maua, kahawa, mboga na mpunga wa Lower Moshi. Chini kuna Nyumba ya Mungu yenye mtambo wa megawati 8, Hale 21, Pangani mpya 68. Sasa bwawa hilo hilo linalisha na mradi wa Same–Mwanga–Korogwe. Kila lita utakayoipandisha Arusha haifiki huko.

Kupanga bomba kabla ya kuhesabu vibali ni kununua tofali kabla ya kupima kiwanja. Naona hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote mlizotaja.

#19 Ngusero Boy

Na barafu ya Kilimanjaro inaisha. Ikiisha mito yote inakauka, bomba mtalijaza upepo.

#20 Mlinzi wa Mto

@Ngusero Boy hapana. Barafu imepungua sana, karibu asilimia 85 ya eneo lake kati ya 1912 na 2007, na inasikitisha. Lakini chemchemi zetu hazitegemei barafu kwa kiasi kikubwa. Zinategemea mvua na ukungu unaonaswa na msitu, unazama ardhini na kutokea chini. Msitu ukikatwa au ukiungua ndipo uogope.

#21 Mpare wa Mwanga

Mmetaja mradi wetu, ngoja niwape uhalisia.

Ujenzi ulianza 2014. Waliotukopesha walikuwa mifuko ya Kiarabu na OPEC, serikali ikaweka ya kwake. Mkataba wa wakandarasi ukavunjika njiani, kazi ikalala, ikaanza upya. Rais akauzindua Machi 2025. Miaka yote hiyo tulikuwa tunalitazama tenki la Kiverenge likiwa kilimani na sisi tunanunua maji ya boza chini yake. Mke wangu alikuwa na madumu yaliyoandikwa namba kwa rangi ili yasichanganywe na ya jirani. La kunywa lina namba yake, la kufulia la kwake.

Yanapotoka sasa, tunashukuru kwa dhati. Ninachotaka mjue ni kwamba mradi wetu ulikuwa na michoro. Ulikuwa na upembuzi. Uliokosa kwenda ni ujenzi. Michoro mezani pekee haijanishawishi.

#22 Kibosho Juu

Mpare kavumilia miaka yote hiyo bila kwenda mahakamani, heshima kwake 😀

#23 Mpare wa Mwanga

Faili ninalo, usijali.

#24 Mtu wa Shinyanga yuko Moshi

Naona hamjagusa Kahama–Shinyanga. Bomba la Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, lilijengwa kwa fedha ya serikali yetu na Rais Kikwete akalizindua 2009. Hakukuwa na mfadhili, na sababu ni ya kihistoria. Misri ilikuwa inashikilia mkataba wa Nile wa 1929, uliotaka idhini yake kabla ya kupunguza maji yanayoingia Nile, yakiwemo ya ziwa hilo, na wakopeshaji wengi hawakutaka kuingia kwenye ugomvi huo. Mwalimu Nyerere alishasema tangu 1962 kwamba mikataba ya mkoloni haitufungi. Tukapanga wenyewe, tukajenga wenyewe.

Na tazama kilichofuata. Kwa kuwa bomba kuu lilikuwepo, kulipeleka Tabora, Igunga na Nzega ikawa rahisi kukopesheka, mkopo ukatoka India. Hoja ya mleta uzi ina ushahidi hapo hapo nchini.

#25 Mdau wa Dakota

Salamu kutoka Marekani, mimi ni mzaliwa wa Machame.

Huku nilipo kuna mfumo unaitwa Lewis & Clark. Unachota maji kwenye visima kando ya Mto Missouri na kuhudumia miji na jumuiya za vijijini 20 katika majimbo 3: South Dakota, Iowa na Minnesota. Msidhani kwa matajiri mambo ni mepesi. Ushirika wao uliundwa 1990, Bunge la Marekani likaidhinisha 2000, maji ya kwanza yakatoka 2012.

Kilichonivutia ni namna walivyochanga. Miji yenyewe na majimbo walilipa sehemu yao mapema, kabla ya kupata tone. Serikali kuu ndiyo iliyochelewa kutoa ya kwake, mpaka jimbo la Minnesota likatanguliza fedha kwa niaba yake ili bomba lifike kwao, kwa makubaliano ya kurejeshewa. Sasa fikirieni Jiji la Arusha, Manispaa ya Moshi, Hai, Siha, Meru, Monduli na Simanjiro wangechanga kwenye kapu moja kwa ajili ya kupanga tu. Hata wakichanga kidogo, kila mmoja angekuwa na kiti mezani, na Kibosho Juu asingekuwa anaulizwa mwishoni.

#26 Mhasibu Mstaafu

@Mdau wa Dakota wazo zuri, ila halmashauri zetu haziwezi kufanana na miji ya huko. Mapato ya ndani ya nyingi hayatoshi hata madawati. Na anayeleta bajeti ya kulipia maji yanayopita kwenye wilaya nyingine atamweleza nini diwani wake?

#27 Dada wa Majengo

Hapo kwa diwani ndipo penyewe. Upembuzi hauna utepe wa kukata. Huwezi kusimama jukwaani useme "nimewaletea ripoti". Kiongozi ana miaka mitano, mwaka mmoja wa kampeni. Kisima kimoja chenye jiwe la uzinduzi kina kura kuliko usanifu wa bomba la miaka 20. Siwalaumu viongozi peke yao. Sisi wenyewe kwenye mikutano ya mtaa tunauliza "lini maji yanatoka", sijawahi kusikia mtu akiuliza "vipimo vya mto viko wapi".

#28 Mtoto wa Unga Ltd

Wote mnazunguka. Mfadhili hataki upembuzi wako. Ukimpa, anakuja na mshauri wake kuanza upya. Hela yako imeungua. Ndiyo maana wizara inasubiri.

#29 Injinia wa Kando

@Mtoto wa Unga Ltd si kweli kwa ujumla huo. Wanachokataa ni kazi isiyo na data ghafi. Ukiwa na vipimo vya mto, majaribio ya visima, tathmini ya mazingira iliyopita NEMC (baraza la taifa la mazingira) na hesabu ya kuendesha, wanapitia na kurekebisha. Hata wao wanajua maandalizi ndiyo pengo, ndiyo maana kuna African Water Facility chini ya AfDB, ilianzishwa 2004, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kugharamia maandalizi ya miradi ya maji.

#30 Fundi Vali

Naungana na Injinia. Data haiozi. Michoro inazeeka, maana watu wanajenga nyumba kwenye njia ya bomba, bei za bomba zinapanda, idadi ya watu inabadilika. Lakini kipimo cha mto cha mwaka huu hata baada ya miaka 30 bado kina kazi. Ningekuwa na hela kidogo ya umma ningeanza na hiyo, usanifu wa kina ungekuja baadaye.

#31 Mama Nyota

Na wakati vipimo vinachukuliwa, sisi tunywe nini? Naomba mnielewe, sipingi. Nasema kifungu hicho hicho kiwe na sehemu ya mkaa wa mifupa na mtu wa kuupima kila baada ya muda. Watoto wa sasa hawawezi kusubiri usanifu.

#32 Mkazi wa Sakina

@Mama Nyota umegusa jambo ambalo sikuwa nimeliona popote kwenye miongozo, na nakubaliana nawe kabisa. Maandalizi yahesabiwe pamoja na kinga ya muda.

@Mpare wa Mwanga na @Mtu wa Shinyanga, mnavuta kamba pande mbili na wote mna mifano halisi. Bado nasimama na fedha ya ndani, ila sasa naona nianze na swali la Mlinzi wa Mto. Vipimo vya mtiririko wa Kikuletwa mwananchi wa kawaida anavipata?

#33 Mlinzi wa Mto

Andika barua kwa Bodi ya Bonde, taja kituo cha kupimia na miaka unayoitaka. Ukiandika "naomba taarifa za maji" utazungushwa.

#34 Mkazi wa Sakina

Naiandika wiki ijayo. Nani anaungana nami kusaini?

#35 Kibosho Juu

Mimi nipo, ila kwa sharti moja. Tuombe na orodha ya vibali vya mashamba makubwa, nani anachota lita ngapi kwa sekunde. Bila hiyo mtaishia kuhesabu mifongo yetu tu.

#36 Chuga Damu

Weka na jina langu. Na la Mpare, anajua kufuatilia faili.